Mikopo midogo na jina la kausha damu

Mwaka 2016 nilishika upande mmoja wa friji ya mteja wangu, mwenzangu wa kazini akashika upande wa pili, tukaitoa nje ya nyumba moja Kihonda, Morogoro, watoto wakitutazama. Ndani mlikuwa na barafu za ubuyu na ukwaju zilizokwisha kuganda, za kuuzwa kesho yake jirani na shule. Mama mwenyewe hakulia wala hakupiga kelele. Alizitoa barafu zake chache chache akaziweka kwenye beseni, kisha akatuomba tuinamishe friji kidogo ili isikwaruze mlango. Alikuwa amechelewesha marejesho ya wiki tatu. Mimi nilikuwa afisa mikopo, na ndivyo nilivyofundishwa na kampuni iliyoniajiri. Ilinichukua muda kukubali jambo ambalo hata wale watoto waliliona pale pale: tulikuwa tumeondoka na kitu pekee ambacho kingemwezesha mama yao kulipa.

Nalitanguliza hilo ili msomaji asidhani nawatetea wakopeshaji kwa kuwa sijui wanachoweza kufanya. Najua, na nimeshiriki. Lakini miaka hii ya karibuni, kila ninaposikia redioni au kusoma gazetini habari ya "mikopo kausha damu", yaani ile inayommaliza mkopaji kwa riba kali, naona kosa lile lile likirudiwa. Mkopo wa kila namna unaomfikia mtu wa kipato kidogo unatiwa kwenye kapu moja, unapewa jina moja, na kapu zima linahukumiwa. Machungu yanayosimuliwa ni ya kweli. Kuna waliouza viwanja, kuna ndoa zilizovunjika, kuna waliohama mtaa usiku. Ila ukitaka kujua mama yule anayehojiwa alikopa kwa nani, kwa masharti gani na riba yake ilihesabiwaje, mara nyingi habari haina jibu. Bila jibu hilo hatujui tukemee nini.

Tuanze na nani ni nani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma hapa Tanzania katika madaraja manne. La kwanza ni benki na taasisi ndogo za fedha zinazopokea amana. La pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, iwe kampuni au mtu mmoja mmoja, na humo wamo pia wanaokopesha kwa njia ya simu. La tatu ni SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. La nne ni vikundi vya kijamii, yaani vikoba na ndugu zake. Nje ya madaraja hayo yuko yule asiye na leseni kabisa, anayekopesha kwa daftari na kushikilia kadi yako ya benki. Hawa wote hutajwa kwa pumzi moja kwenye taarifa ya dakika tatu, ilhali wanatofautiana kama mfamasia na muuza dawa wa kwenye basi.

Chukua kikoba. Wanachama wanakutana kila wiki, wananunua hisa, na fedha inawekwa kwenye sanduku lenye kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu, sanduku linalala kwa mtu wa nne. Mtindo huu ulianzia kwa wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991, ukasambaa mpaka kwetu. Vikoba vingi hutoza asilimia 5 au 10 kwa mwezi, na mtu akiisikia namba hiyo anashtuka. Lakini riba ya kikoba inaenda wapi? Inarudi sandukuni, na siku ya kuvunja mzunguko inagawanywa kwa wale wale waliokopa na kuweka. Mama aliyelipa riba ya 40,000 kwa mwaka anaweza kupokea gawio linaloipita. Ni asilimia 10 inayotoka mfuko wa kulia na kuingia wa kushoto. Asilimia 10 hiyo hiyo ikienda kwa mtu mwenye daftari haina pa kurudi.

Sasa tuitazame kausha damu yenyewe, ile inayostahili jina. Mfano wake ni huu: unapewa shilingi 100,000, unarudisha 5,000 kila siku isipokuwa Jumapili, kwa siku 26. Jumla 130,000. Mtaani watu watakuambia riba ni asilimia 30. Ni zaidi ya hapo. Wewe hukukaa na laki moja mwezi mzima; kuanzia siku ya kwanza ulikuwa unairudisha. Ukipiga wastani wa fedha iliyobaki mikononi mwako siku hadi siku, unapata kama 52,000 tu. Kulipa 30,000 kwa ajili ya kutumia 52,000 kwa mwezi mmoja ni karibu asilimia 58. Hakuna genge la nyanya wala banda la chipsi linalozalisha faida ya namna hiyo mwezi baada ya mwezi. Mkopaji hawezi kulipa kutokana na biashara, kwa hiyo analipa kutokana na mtaji. Mtaji ukiisha, anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Ndipo damu inapokauka, na jina hilo watu walilichagua vizuri.

Kuna ujanja mwingine ambao hauko kwa wasio na leseni peke yao, na ambao waandishi wangeweza kuufichua kwa kalamu na karatasi tu. Riba inaweza kuhesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo mpaka siku ya mwisho, au juu ya salio linalobaki baada ya kila rejesho. Tuseme umekopa 500,000 kwa miezi sita, riba asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo ndiyo ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa daraja la pili. Kwa hesabu ya kwanza utalipa riba ya 17,500 kila mwezi, jumla 105,000. Kwa hesabu ya pili, deni lako likishuka sawasawa kila mwezi, jumla ya riba ni 61,250. Tofauti ni 43,750. Kwenye tangazo zote mbili zimeandikwa "3.5%". Nilipokuwa kazini sikuwahi kuulizwa na mteja hata mmoja tunatumia hesabu ipi, na nakiri kwamba sikuwahi kumwambia yeyote bila kuulizwa.

Basi kwa nini hata mkopeshaji mwadilifu atoze zaidi ya benki kubwa? Hapa ndipo lawama nyingi zinapopotea njia, na panahitaji subira kidogo. Ili nimpe mtu mkopo wa 300,000 nilipaswa kufika kwake, kufika kwenye biashara yake, kukaa nusu saa nikihesabu mauzo ya siku, kuwaona wadhamini wawili, kusoma barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha kumfuatilia kila wiki. Kazi hiyo haipungui eti kwa sababu mkopo ni mdogo. Tuseme mshahara wangu, nauli ya bodaboda na karatasi vinagharimu 30,000 kwa mteja mmoja. Kwa mkopo wa 300,000 hiyo ni asilimia 10 kabla mkopeshaji hajapata hata senti na kabla hajafidia wale wasiolipa. Kwa mkopo wa milioni 30, 30,000 hiyo hiyo ni sehemu moja ya elfu. Benki kubwa inamtoza mfanyabiashara mkubwa riba ndogo, na mwuza mboga haimtozi chochote, kwa sababu haimkopeshi kabisa. Ukishusha ukomo wa riba chini ya gharama hiyo, mkopeshaji mwenye leseni haanzi kufanya kazi bure. Anahamia kwa wateja wakubwa. Yule mdogo anabaki na mwenye daftari.

Jambo hili limewahi kutokea mahali, mchana kweupe. Katika jimbo la Andhra Pradesh, India, kampuni za mikopo midogo zilikua kwa kasi ya kutisha, nyingi zikikopesha kaya zile zile bila kuulizana. Mwaka 2010 kampuni kubwa kuliko zote, SKS, iliuza hisa zake kwenye soko la hisa, waanzilishi na wawekezaji wakavuna, na wakati huo huo magazeti yakajaa habari za wakopaji waliojiua. Oktoba mwaka huo serikali ya jimbo ilitoa amri ya dharura iliyozifunga mikono kampuni hizo. Wateja wakaacha kulipa karibu wote. Vyombo vya habari vilishangilia, na kwa uchungu uliokuwepo naelewa kwa nini.

Lakini kamera zilipoondoka, wachumi wawili, Emily Breza na Cynthia Kinnan, walifuatilia kilichotokea katika majimbo mengine ya India. Kampuni zilizopoteza fedha Andhra Pradesh zilikosa za kukopesha kwingineko, hivyo wilaya zilizokuwa zikizitegemea zilikaukiwa mikopo ghafla bila kosa la mtu yeyote wa huko. Huko ujira wa vibarua wa siku ulishuka, na matumizi ya kaya yakashuka. Waliumia hata ambao hawakuwahi kukopa, kwa sababu jirani mwenye biashara ndogo aliyekuwa akiwapa kibarua hakuwa tena na cha kuwalipa. Kibarua aliyekosa kazi hajui kwamba amekosa kwa sababu ya mkopo ambao mtu mwingine hakupewa. Hawezi kuhojiwa juu ya jambo asilolijua. Ndiyo maana upande huu wa hesabu hauonekani kwenye runinga, hata pale mwandishi alipo mwaminifu kabisa.

Uaminifu wa mwandishi nao wakati mwingine huteleza. Muhammad Yunus alianza mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra, Bangladesh, kwa kutoa dola 27 mfukoni mwake kwa watu 42 waliokuwa wamefungwa na madeni ya wachuuzi. Benki ya Grameen ikasajiliwa 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwishoni mwa 2010, filamu ya uchunguzi kwenye runinga ya Norway ilimtuhumu kwamba fedha za msaada zilihamishwa mwaka 1996 kutoka benki hiyo kwenda taasisi dada. Dunia nzima ikachapisha. Serikali ya Norway, ambayo fedha yake ilikuwa miongoni mwa hizo, ilichunguza na kusema haikuona dalili ya rushwa wala wizi, na kwamba suala lenyewe lilikwisha kumalizwa mwaka 1998. Taarifa hiyo ya pili ni watu wachache walioisoma. Mwaka 2011 Yunus alikuwa ameshaondolewa kwenye uongozi wa benki, kwa hoja ya kupita umri wa kustaafu.

Hata hivyo, sisi tunaotetea mikopo midogo tumejichimbia shimo wenyewe. Yunus alipenda kusema kwamba siku moja umaskini utabaki kuwa kitu cha kutazamwa makumbusho. Wafadhili walilipenda neno hilo, vipeperushi vikachapishwa vyenye mama anayetabasamu na ng'ombe watatu. Mwandishi anapokwenda kijijini akamkuta mama bado ana ng'ombe mmoja, ana haki ya kuuliza ahadi imeenda wapi. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita, za Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, zilizolinganisha kwa kura ya bahati nasibu maeneo au watu waliofikiwa na mikopo na wale ambao hawakufikiwa. Hakuna utafiti hata mmoja kati ya hizo ulioonyesha kwamba mikopo iliwatoa watu kwenye umaskini kwa wastani. Vichwa vya habari viliishia hapo. Lakini tafiti hizo hizo hazikuona pia maangamizi yanayosimuliwa. Zilichoona ni kitu cha wastani na cha heshima: baadhi ya watu walipanua biashara zao, wengine walinunua kifaa cha kudumu nyumbani, wengine walipunguza matumizi ya vitu vidogo vidogo ili walipe kikubwa, na wengi walipata uhuru zaidi wa kupanga fedha iingie na itoke lini.

Uhuru huo unaonekana mdogo kwa mtu mwenye mshahara. Kwa mtu anayepata leo 12,000 na kesho 2,000 ni tofauti kati ya mtoto kubaki shule na kurudishwa nyumbani. Nchini Kenya, Tavneet Suri, Prashant Bharadwaj na William Jack waliwachunguza watu waliopata sifa ya kukopa M-Shwari, huduma ya mikopo ya simu, kwa alama chache tu wakalinganishwa na waliokosa kwa alama chache. M-Shwari inatoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, si rahisi hata kidogo. Bado waliopata walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuacha matumizi muhimu walipopigwa na msukosuko kama ugonjwa. Hawakutajirika, ila mambo yalipoharibika walivuka.

Wapo watakaosema dawa ni kuiondoa riba yenyewe. Kwa Muislamu hili si suala la hesabu, ni la dini, na mkopeshaji anayemdhihaki kwa hilo hamjui mteja wake; zipo benki kama Amana, iliyoanza 2011, zinazouza kwa faida badala ya kukopesha kwa riba, na vipo vikundi vingi vinavyokopeshana bila nyongeza. Hilo naliheshimu. Lakini riba sifuri peke yake haijengi mfumo. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sera nzuri kwenye karatasi. Ripoti za ukaguzi zikaonyesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi hewa, na Aprili 2023 serikali ilisimamisha utoaji hadi utaratibu mpya ulipopatikana mwaka uliofuata. Waliokosa mkopo katika kipindi hicho hawakukaa kusubiri. Nadhani sote tunajua walikokwenda.

Ninachotaka kikemewe, tena kwa sauti kubwa kuliko sasa, kina majina yake. Kuna programu za simu zinazokusanya namba zote za mtu, kisha akichelewa siku moja zinampigia mkwe wake, bosi wake na mchungaji wake kumtangaza mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, ingawa mkopaji wa kawaida hajaambiwa kwamba inamlinda. Kenya ilianza mapema kidogo kuwawekea kanuni wakopeshaji wa aina hiyo, mwaka 2022. Kuna mkataba usioachiwa mkopaji nakala. Kuna kadi ya benki na namba ya siri vinavyoshikiliwa na mtu baki. Kuna malengo anayopewa afisa mikopo, kwamba asipofikisha wateja kadhaa kwa mwezi mshahara unakatwa, hivyo anamkopesha mtu ambaye anajua kabisa ana madeni mengine manne. Na kuna kubeba friji. Habari inayofuatilia mojawapo ya haya mpaka kwa aliyetoa amri ingewasaidia wakopaji kuliko habari kumi zinazolia juu ya "mikopo" kwa ujumla, kwa sababu hizo kumi zinamtisha mama asiende hata SACCOS, na wakati huo huo hazimgusi mwenye daftari.

Siku hizi sifanyi tena kazi ile, lakini watu wanaonijua bado hunitumia picha za mikataba kwa simu. Mwezi Julai, binamu yangu wa Kilosa alinitumia wake na swali moja: "Kaka, hii ni kausha damu?" Alitaka 400,000 anunue magunia ya mahindi wakati wa mavuno, ayaweke, auze bei ikipanda. Wazo lenyewe lina ushahidi: magharibi mwa Kenya, wakulima waliopewa mkopo wakati wa mavuno ili wasiuze kwa bei ya kutupa walipata mapato zaidi, na fedha hiyo ikazaa asilimia 29.

Nilisoma mkataba wake mara mbili. Kampuni ina leseni. Riba ni ya salio linalobaki, imeandikwa wazi. Nakala anapewa. Hakuna kadi inayoshikiliwa. Nikamwambia si kausha damu. Kisha nikamwonyesha mstari wa ratiba: marejesho ya kila wiki kwa miezi minne, kuanzia Jumatatu inayofuata. Mahindi ya kuwekwa ghalani hayalipi Jumatatu inayofuata. Angelazimika kuuza gunia moja moja kwa bei ile ile ya mavuno ili alipe, na mwisho abaki na gharama ya mkopo bila faida ya kusubiri. Nikamwambia arudi aombe kulipa riba tu kila mwezi na deni lenyewe mwezi Desemba.

Amerudi kuomba. Afisa, kijana mpole kwa maelezo yake, amesema fomu yao haina nafasi ya ratiba ya namna hiyo, ila atamwuliza meneja wa tawi. Binamu ameacha simu yake wazi tangu jana asubuhi.